Masweta Tisa ya Bi Hedwig

Ilhami, funga hilo dirisha, kelele za tramu zinanimeza sauti, na wewe Nazire kaa hapa upande wa kulia, maana sikio langu la kushoto lilikufa zamani kiwandani na leo sitaki neno lako lolote linipotee. Sikilizeni wanangu, wala msinikatize, kwa kuwa pumzi niliyo nayo ni ya kuazima na mwenyewe yuko njiani. Daktari amesema ni siku chache, nami sikubishana naye. Nina mambo ya mali, nayo ni machache, nina mambo ya kaburi, nayo ni mepesi, na nina jambo moja nililolificha miaka hamsini na mitatu, na hilo ndilo linaloninyima kufa vizuri.

Kwetu mtu akikaribia kuondoka huwaita aliokaa nao akawaambia, haki yenu iliyo kwangu nihalalishieni, nao humjibu, ni halali, yakaisha. Wiki hii wamepita majirani wote wa jengo hili, na wanawake wa msikitini wamekuja na masufuria yao ya supu ya mtindi, hata Makbule, niliyenuniana naye miaka kumi kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo, alinibusu mkono akalia, tukahalalishiana. Amebaki mmoja tu. Jumatatu, Nazire, ulipofika kutoka Yozgat, koti lako likiwa bado mwilini, nilikuuliza kama utanihalalishia. Ukacheka kidogo, ukasema, "Mwaka ujao, mama, Mungu akipenda."

Ilhami alikukasirikia, nikamwambia akuache. Maneno hayo ni yangu. Mimi ndiye niliyekulisha. Kila barua na kila kaseti tuliyojirekodi sauti tukakutumia, mimi na baba yenu Bekir tulimalizia hivyo, mwaka ujao tunarudi. Tulinunua vyombo viwili viwili, kimoja cha kutumia hapa Bremen na kimoja cha kubaki ndani ya boksi kusubiri mwaka ujao. Tulijenga kijijini nyumba ya ghorofa mbili, na makochi yake mpaka leo yamevikwa nailoni kama yalivyotoka dukani. Mwaka ujao ulikuja, ukaja tena, na kila ulipokuja ulitukuta tunafunga mizigo ya mwaka ujao mwingine.

Basi nisikilize, Nazire. Nilipokuacha ulikuwa na miaka miwili. Baba yako alikuwa ametangulia, akaniandikia kwamba kiwanda cha sufu kinataka wanawake wenye vidole vyepesi, na mkono mtupu haulambwi, ardhi yetu ilikuwa mawe na ndugu walikuwa sita. Nilikuachisha ziwa kwa wiki moja. Nilijipaka pilipili, ukaja mbio kama kawaida yako, ukaonja, ukanitazama. Hukulia. Ulinitazama tu, kama mtu aliyepewa kitu kibovu na rafiki. Nimewasahau wengi sana, na majina ya miji mingine tuliyopita kwa treni siyakumbuki tena, lakini mtazamo ule ninao hapa.

Miaka yote nilikuambia kiwanda kilikataa watoto. Nilikuambia Wajerumani walitaka mikono yetu tu, kwamba chumba tulichopewa kilikuwa cha watu wazima, kwamba sheria haikuruhusu. Ulikua na maneno hayo. Uliyashika mpaka ukakataa kujifunza hata neno moja la lugha ya huku, na binti yako Rukiye alipopata barua ya kuja kufanya kazi ya uuguzi katika nchi hii, ulimwambia mbele yangu kwenye simu, "Nchi iliyonikataa mimi nikiwa na miaka miwili haitampata mwanangu." Nami nilikuwa nimeshika simu upande huu, nikanyamaza. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, ila yangu nimeitembea mpaka uzeeni.

Nchi haikukukataa, Nazire. Kiwanda hakikukukataa. Niliyekukataa ni mimi.

Ngoja. Nipeni maji. Hapo panatosha.

Chini yetu, kwenye mlango ule wa kushoto, alikaa mjane mmoja, Bi Hedwig. Ilhami unamjua, alikulea, ulimwita Oma, yaani bibi. Nazire hukumjua, kwa sababu nilihakikisha hutamjua. Mwezi wangu wa kwanza hapa alinikuta kwenye ngazi nimekaa na picha yako mapajani, nalia kwa kujificha kwa maana Bekir hakupenda kuniona nikilia. Hakuwa na neno la Kituruki, wala mimi sikuwa na lake. Aliichukua picha, akaitazama sana, akaifuta machozi yangu yaliyoidondokea kwa pindo la aproni yake, akaifuta kwanza picha ndipo akanifuta mimi. Kisha akanishika mkono akanipeleka jikoni kwake. Kesho yake akaniita tena. Kulikuwa na kitanda kidogo cha mbao karibu na jiko, alikishusha darini yeye mwenyewe, mama wa miaka sitini, akakitandika shuka nyeupe. Akaonyesha picha, akaonyesha kitanda, akajionyesha yeye, halafu akanionyesha mimi na saa ya ukutani na kule kiwandani. Nilielewa. Hata mbuzi angeelewa. Alikuwa anasema, nenda kazini, mtoto mlete, nitakaa naye mimi.

Na msimamizi wetu kiwandani, niliyekwisha kuwaambia alikuwa mtu mkali, alikuwa mkali kweli, lakini aliposikia habari hiyo aliniandikia karatasi ya kuombea nyumba ya vyumba viwili, akaipiga muhuri mbele yangu. Ilibaki kumwandikia bibi yako alete mtoto.

Sikuandika. Nilijiambia sababu nyingi. Nilisema watu wa kijiji watasema Kezban amempa mwanawe mla nguruwe. Nilisema mtoto atamwita Mkristo mama. Nilisema ya nini kumsumbua njiani, mwaka ujao tunarudi. Hizo zote zilikuwa kweli kidogo kidogo, na uongo hukaa vizuri zaidi kwenye nyumba ya ukweli mdogo mdogo. Lakini ipo sababu iliyokuwa chini ya hizo zote, na hiyo sijamwambia hata Bekir alipokuwa anakufa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Tangu nina miaka saba nilikuwa nalea, kwanza wadogo zangu, kisha shemeji, kisha wewe. Nilipofika hapa, baada ya zamu nilioga, nikalala, na hakuna aliyeniita. Nililala usingizi, Nazire. Nilikupenda, nilikulilia, na nililala usingizi. Nikasema, niuonje mwaka mmoja tu.

Ukawa mmoja, ukawa miwili. Bi Hedwig hakuelewa kwa nini mtoto haji. Nilimwambia kwa ishara kwamba bibi yake hataki kumtoa, nikamsingizia mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, mwanamke aliyekulea kwa mikono iliyopasuka. Bi Hedwig akatikisa kichwa, akakirudisha kitanda darini. Lakini majira ya baridi ya kwanza kabisa yalipoanza alipanda ngazi, akaweka mkono hewani hivi, chini, kimo cha kiti, akaniinulia nyusi. Alikuwa anauliza, Nazire amefika wapi? Nami nikauinua mkono wake kidogo, kwa kubahatisha, kwa maana mimi mwenyewe sikujua. Wiki ya tatu akaja na sweta. Jekundu, na vifungo vya mbao. Uzi wake ulikuwa mabaki ya kiwandani ambayo wafanyakazi waliruhusiwa kuyachukua, mimi ndiye niliyempelekea, nikidhani anajifumia soksi.

Kila mwaka alipanda. Kila mwaka aliweka mkono hewani, nami nikauinua kwa vidole vitatu, kwa vidole vinne, kwa kubahatisha. La pili ni la bluu. La tatu lina bata kifuani. Yote, Nazire, yako chini ya kitanda hiki, ndani ya sanduku la kahawia, yamefungwa na vipande vya sabuni nondo wasile. Ilhami, livute. Lifungue. Mpe dada yako.

Sikukutumia hata moja. Ningekutumia, bibi yako angeuliza nani huyo mwenye mikono mizuri, na watu wa kijiji wangejua kuna mwanamke huku mwenye nafasi na moyo, na wangeuliza, basi mbona mtoto yuko hapa? Kwa hiyo nilikutumia wanasesere wa dukani, chokoleti, viatu vinavyong'aa, na jino la pembe si dawa ya pengo, nilijua hivyo hata nilipokuwa nalipia. Na kwa Bi Hedwig nilirudisha salamu za uongo. Nilimwambia Nazire anashukuru, limemkaa vizuri, halivui hata kulala. Uso wake ulikuwa unang'aa. Aliyaweka maneno hayo kama mtu anavyoweka barua.

Ilhami alipozaliwa nilichoka, nikashuka ngazi mwenyewe na mtoto mikononi, na Bi Hedwig hakuuliza kitu, alikishusha kile kitanda tena. Hapo, Nazire, ndipo ungesema, kwa nini hukuniita wakati ule? Unastahili kuuliza. Nilishaona kwamba mwanamke yule alimpikia Ilhami sufuria yake ya peke yake, isiyoguswa na nyama yao, na aliandika kwa rangi juu ya mfuniko jina lake asije akakosea. Hofu yangu ya kwanza ilikuwa imekufa. Lakini kukuita ingekuwa kukiri kwamba ungeweza kuitwa tangu mwanzo. Majuto ni mjukuu, ila wangu alizaliwa mapema, nikamlea pamoja na Ilhami.

Ulipokuwa na miaka kumi ulikuja kwa wiki tatu za kiangazi. Unakumbuka, maana ndiyo mara pekee kabla ya hii. Ulikataa kuvua viatu. Nyumba ya Kituruki, watu wote peku, na wewe umekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, viatu vimefungwa kamba, unasubiri kurudishwa kwa bibi. Ilhami, alikuwa na miaka minne, alikuwa anakuvuta kamba zifunguke, nawe unazifunga tena bila kumgombeza. Alipomtaja Oma nilikuambia ni mwalimu wake. Siku ya tano Bi Hedwig akabisha hodi. Nilifungua kwa upana wa uso wangu. Alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili, mkono mmoja sahani ya biskuti, mkono mwingine sweta la tisa, la kijani, na kiangazi kile kilikuwa cha moto, angelingoja baridi lakini hakuweza kungoja. Akasema jina lako. Alikuwa amelizoeza, alilitamka vizuri kuliko karani yeyote wa nchi hii. Nikamwambia umelala.

Ulikuwa hatua tatu nyuma yangu, viatu miguuni, na nadhani alikiona kimoja.

Aliviweka vitu chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha aliyelala, akashuka. Biskuti zile ulikula wewe, ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Nani kaoka?" Nikasema za dukani. Ukasema, "Duka hili zuri." Hilo ndilo neno zuri pekee ulilowahi kulisema juu ya nchi hii, na nilikuibia aliyestahili kulipokea.

Baridi iliyofuata hakupanda ngazi. Hakuweka tena mkono hewani. Ilhami aliendelea kumlea kama yai, na mimi aliendelea kunisalimu, na siku nilipougua homa ya mapafu alinilaza mapajani kwake kama mtoto. Alipokuwa anakufa nilikwenda hospitali kumwomba anihalalishie, nikatafuta neno la lugha yake kwa jambo hilo, nisilipate. Akanipigapiga mkono. Akauliza, "Nazire ameolewa?" Nikasema ameolewa. Akasema vizuri. Akalala.

Basi ndiyo hayo. Nimeyasema, na paa halijaanguka.

Nazire. Unakwenda wapi?

Mwache, Ilhami. Mwache, nasema. Usimshike mkono, mkono huo haukushikwa ulipotaka, usishikwe leo usipotaka. Kama anatafuta viatu vyake viko chini ya kabati, karibu na mwavuli. Acha mlango wa chumba wazi. Atanisikia, na asiposikia nitakuwa nimesema.

Kaa wewe, tumalize. Nyumba ya kijijini ni ya dada yako, ghorofa zote mbili na bustani ya mishmishi, wewe hukulala mle hata mwezi mmoja na hapa una chako. Usinung'unike, wala mkeo asinung'unike. Zitoeni zile nailoni kwenye makochi siku hiyo hiyo. Zichomeni. Kochi la mtu aliye hai huchafuka.

Kaburi. Nimechangia mfuko wa mazishi wa msikiti kama kila mtu, na mfuko utanipandisha ndege mpaka Yozgat nilale karibu na baba yenu. Nilitamani hivyo, ili angalau mara moja mwaka ujao uwe kweli. Lakini kurudi ndani ya sanduku si kurudi, ni kurudishwa. Kwa hiyo Nazire ndiye atakayesema. Akitaka kunibeba anibebe. Asipotaka, nilazeni hapa, kwenye makaburi ya Waislamu kule mwisho wa laini ya tramu unayoiendesha, utakuwa unanipita na kengele yako. Bi Hedwig hutamwona tena, kwa desturi ya huku miaka yake ya kaburi ilikwisha, wakaliondoa jiwe, nami sikwenda kulipa aongezewe. Na hilo pia liandike kwenye majuto yangu. Muombeeni. Mungu anajua milango yake mwenyewe.

Haluwa ya matanga yangu, sahani ya kwanza msiipeleke msikitini. Ishusheni mlango wa kushoto. Anakaa pale msichana wa Eritrea na mtoto mchanga, nimekuwa nikimsikia kupitia bomba la maji, mtoto analia, kisha na yeye analia. Niliona haya kubisha hodi. Mwambie mkeo abishe. Amuulize kama anataka mikono.

Na Rukiye… mpigie wewe kama dada yako hatampigia. Aje akitaka kuja. Lakini mtoto wake Defne ana miaka miwili. Miwili, Ilhami. Najua wamepanga abaki kwa Nazire mpaka Rukiye atulie, mwaka mmoja tu. Mwambieni kwamba mimi, bibi yake, nimesema hapana. Aje naye, walale sakafuni, wale mkate mkavu, aje naye. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nililia kwa niaba ya wote. Sweta jekundu ni la Defne. Litamtosha mwaka huu, mwakani halitamtosha. Mwambieni hivyo hivyo.

Sasa nyosheni… nyosha kichwa, mwanangu. Mungu akuongoze kwenye reli zako. Akupe watoto watakaokuudhi ukiwa karibu nao. Maziwa yangu ni halali kwako.

Na wewe uliye ukumbini, Nazire. Kina mama husema, maziwa yangu nimekuhalalishia. Mimi siwezi kusema, nilikuachia pilipili. Wewe ndiye unayenidai. Nenda salama. Njia yako iwe na watu wenye sahani mkononi, na milango yao… ifunguke yote. Popote uendapo uvue viatu ukiwa umependa mwenyewe.

Ni nini hicho? Kimedondoka kitu.

Na cha pili.

Ilhami, ni yeye? Sioni vizuri, mwanga umepungua. Njoo, mama, njoo. Mguu wako baridi, mbona huna soksi. Kaa hapa kitandani. Hapana, usiseme neno lile, sikuombi tena, libaki kwako, liwe la mwaka ujao kama ulivyosema. Umeshika nini? Lile la bata.

Nini? Sema tena, upande wa kulia.

Lingekubana.

Lingekubana! Kumbe ulikuwa mkubwa hivyo. Nilibahatisha vibaya, nilimwonyesha Bi Hedwig hapa. Ulikuwa wapi wewe, hapa? Juu zaidi? Na la bluu, la mwaka wa pili, hilo lingekukaa? Mikono ingekuwa mirefu kidogo… bibi yako angeikunja. Angeikunja vizuri.

Polepole. Usiruke mwaka. Pumzi ipo, kidogo ipo. Niambie la nne. Ulikuwa na miaka mitano, ulikuwa umefika wapi? Usinionyeshe, macho yamechoka. Ushike mkono wangu. Uinue wewe. Uweke hapo ulipokuwa umefika… hapo?

Hapo. Mrefu wangu.

Na la tano.